Mkimtuma mchungaji Ulaya, mtumeni na mwenzake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika kuhusu wachungaji wetu wanaotumwa Ulaya, aliyesema wanaenda kula bata tu, makanisa ya kule hayana watu, kazi hawana, na wakati huo huo huku Chanika na Kivule mchungaji mmoja anazunguka mitaa kibao kwa bodaboda. Barua yake nimemsomea mama yangu kwa sauti maana macho sahivi yanamsumbua, mama akacheka akasema huyu hajawahi kuletewa bili ya kupashia nyumba joto. Mama mwenyewe hajafika hata Nairobi, ila hizo bili anazijua zote, anasimuliwa kila Jumapili jioni kwenye WhatsApp.

Mimi siyo msemaji wa kanisa, ni mshirika wa kawaida tu. Ila dada yangu ni mchungaji wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, na yeye na mume wake wako Ujerumani, mji mdogo upande wa Dortmund, walienda kwa ule udugu wa jimbo la huku na jimbo la kule. Dayosisi yao siitaji maana nitakachosema hapo chini kinahusu wengi, siyo wao peke yao.

Nianze na pale msomaji aliposema kweli. Makanisa matupu, hiyo ipo. Jumapili ya kawaida kwa dada wanakaa watu kama thelathini kwenye kanisa la kuingia mia tano, na vijana ni yeye na shemeji, na hao wenyewe walishavuka arobaini. Mji ulikuwa wa makaa ya mawe, migodi ikafungwa mmoja mmoja, wa mwisho wa eneo lile ulikuwa Bottrop na huo ulifungwa 2018, watoto wa wachimbaji wakahamia kwenye kazi, wazee wakabaki. Alafu watu wanajitoa. Kujitoa kule siyo kama huku ambako mtu anaacha tu kuja mpaka wazee wa kanisa wamfuate nyumbani, kule unaenda ofisi ya serikali, kwenye mkoa wao ni mahakamani, unalipa euro 30, unasaini, umetoka. Kisa ni kodi ya kanisa, ukiwa mwanachama serikali inakukata moja kwa moja, kwao ni asilimia 9, na siyo 9 ya mshahara kama wengi huku wanavyoambiana, ni 9 ya ile kodi ya mapato, yani ni ndogo kuliko fungu la kumi ambalo sisi wenyewe tunalitoa kwa kufukuzwa na bahasha zenye namba. Mwaka 2023 peke yake kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilipungukiwa watu karibu laki sita, waliokufa na waliojitoa, japo mwisho wa mwaka huo kwenye vitabu bado walikuwa zaidi ya milioni 18. Majengo mengine yanauzwa, mengine wameyageuza sehemu ya kutunzia majivu ya marehemu, na wanaochomwa kule ni wengi kuliko wanaozikwa na jeneza.

Sasa mtu akisikia thelathini anasema basi kazi hamna. Kumbe ndo hapo kazi inapoanza, kwasababu sharika tatu zimeunganishwa ikawa moja, mchungaji mmoja, na wanachama wazee ambao kanisani hawafiki lakini wakiumwa wanataka mchungaji, wakitimiza miaka themanini wanataka mchungaji aje kwa baiskeli au gari na kadi mkononi anywe kahawa ale keki, na wakifa wanataka mchungaji. Dada anasema ameshakula keki nyingi kuliko maandazi aliyokula maisha yake yote.

Misiba ndo ilimchanganya. Huku tunajua, mtu akifa turubai linafungwa siku hiyo hiyo, viti vya plastiki vinashushwa, jumuiya inakuja na sufuria, kwaya inakuja, kamati inaundwa, na mtu ambaye hajamjua marehemu analia kwa sauti kuliko mjane. Kule msiba wa kwanza aliopewa alikuta kwenye kanisa dogo la makaburini watu wanne. Mjane, mtoto wake wa kiume aliyekuja na treni asubuhi na kurudi jioni, jirani mmoja, na mtu wa kampuni ya mazishi ambaye analipwa. Tena ilikuwa wiki mbili tangu mzee afariki. Ibada dakika ishirini na tano, majivu yatazikwa siku nyingine wakiwa tayari. Dada akapiga simu usiku ule akamuuliza mama, sasa nani anaanua tanga? Mama akamjibu, wewe na mumeo, si ndo mliotumwa?

Na kweli wakaenda. Siku ya tatu wakamgongea yule mjane mlango, shemeji kabeba chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua alivyopika mwenyewe kwa kikaangio cha mayai, vimeungua upande mmoja. Bibi akashtuka, kule mtu hagongi mlango wa mtu bila kupanga tarehe. Akawaruhusu waingie, wakakaa kimya, maana Kijerumani chenyewe kilikuwa bado cha kuombea maji, bibi akaongea yeye mpaka jioni. Baadae akawaambia wenzake, na sahivi pale usharikani kuna wamama watano wanaojua kwamba siku ya tatu baada ya mazishi unaenda kwa mfiwa na kitu cha moto. Hiyo haimo kwenye ripoti yoyote iliyotumwa dayosisi, nimezisoma, dada huwa ananitumia nimsahihishie uandishi.

Ripoti zenyewe ndo zimenifanya nichukue kalamu. Zinaandikwa "Mchungaji ameendesha ibada kadhaa, mafundisho ya kipaimara, ziara za wagonjwa". Sawa. Shemeji hayumo. Jina lake lilionekana mara moja tu, kwenye gharama ya tiketi ya ndege, "na mwenza".

Shemeji alikuwa anafundisha fizikia na hesabu sekondari ya serikali hapa Dar, wanafunzi wake wengine sahivi ni mainjinia, akaomba likizo bila malipo ili aongozane na mke wake. Hakuna aliyemlazimisha, tukubaliane hapo. Ila angalia ilivyokuwa. Dada alilipiwa kozi ya Kijerumani, na ni haki yake. Shemeji kwa viza ya mwenza alitakiwa afaulu Kijerumani ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, na hiyo hakuna aliyemlipia, akawa anatoka shule anapanda daladala mpaka Goethe-Institut pale Upanga, anarudi Segerea usiku foleni ya Mandela unaijua mwenyewe, na ada alilipa kwa kuuza bodaboda aliyokuwa amempa kijana kwa mkataba. Kufika kule cheti chake cha ualimu hakimsaidii kitu, ili ufundishe shule zao unatakiwa Kijerumani cha juu, C1 kwenda mbele, na vyeti vikaguliwe, miezi inakatika. Kwahiyo mtu mzima aliyezoea kusimama mbele ya darasa la wanafunzi themanini akawa anakaa dirishani anasubiri mke arudi kazini. Mwezi wa kumi na mbili jua kule linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na nusu jioni giza. Anasema kuna siku alikuwa anawasha taa zote za nyumba, dada akirudi anazizima kwa ajili ya bili, anaziwasha tena.

Huku nyumbani watu wakamgeuza kichekesho. Kwenye grupu la familia wanamwita mama mchungaji, wanamuuliza leo umepika nini. Na wanaomcheka ndo hao hao wanaompiga mizinga, kuanzia Mbagala mpaka Bunju, shem naomba laki mbili ya kodi, shem mtoto karudishwa ada, wakidhani kwasababu picha ina theluji basi hela ipo. Mshahara ni mmoja. Ukitoa bima ya afya, joto la nyumba, na ule mchango wa ujenzi wa nyumba ya mama, hapo bata liko wapi?

Alichofanya ni kujitafutia kazi ambayo hakuna aliyempa. Tarumbeta alikuwa anapiga tangu kijana, akagundua kumbe hata wao sharika nyingi zina kundi la tarumbeta, na asili ya zile za kwetu ni hao hao Wajerumani, akaenda mazoezini Jumanne jioni, akakuta wazee saba na binti mmoja. Sahivi wamejifunza pambio mbili za kwetu, wanazipiga polepole mno, mimi nilisikiliza klipu nikajua ni wimbo wa msiba, lakini wanazipiga. Alafu leseni. Leseni yetu kule unaruhusiwa kuitumia miezi sita tu, baada ya hapo unafanya mitihani yao ya kuandika na barabarani kama mwanafunzi, yeye akafaulu kabla ya dada, kwahiyo anayemwendesha mchungaji kwenye makanisa matatu Jumapili moja ni yeye. Dereva asiye na posho.

Na kipaimara. Watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, wanakuja wamelazimishwa na bibi zao, simu chini ya meza. Dada anafundisha Katekisimu, wanaangalia saa. Shemeji alikuwa anakuja kupanga viti tu, siku moja akamwona kijana mmoja anahangaika na homuweki ya hesabu kabla ya kipindi kuanza, akakaa nae. Hesabu haihitaji C1, Mhariri, namba ni namba. Wiki iliyofuata wakawa wanne, kisha ikabidi watenge nusu saa ya hesabu kabla ya kipaimara, wazazi wakaanza kuingia ndani badala ya kusubiri kwenye gari, na wazazi wawili kati ya hao walikuwa wameshajitoa kanisani. Sijasema wamerudi. Nimesema wanaingia ndani wanakunywa kahawa wanaongea na mchungaji, na mchungaji yeyote wa Dar anayejua kutafuta watu atakwambia hapo thamani yake ni nini.

Kuna ugawaji wa chakula pia, supamaketi zinatoa mboga na mikate iliyokaribia kuisha muda na kanisa linawagawia wenye shida. Hili sisi huku huwa hatuliamini. Chupa ya plastiki ya soda kule ukirudisha dukani unapewa senti 25 za euro, na kuna wazee wa Kijerumani, bibi na babu wamevaa vizuri tu, wanapita na mfuko wanachungulia mapipa ya taka wakitafuta chupa. Shemeji alipotuma hiyo habari kwenye grupu hakuna aliyejibu kwa muda, baadae mjomba akauliza hiyo ni Ujerumani ipi. Kwenye foleni ya chakula wapo hao wazee, wapo Wasiria, Waukraine, wapo Wakongo wanaoongea Kiswahili chao, na anayewasindikiza hao Wakongo kwenye ofisi za uhamiaji kushika namba na kusubiri, ni nani? Mwalimu wa fizikia. Sufuria la pilau la sikukuu ya mavuno kaazima kwao. Mavuno yenyewe wanaweka maboga na mahindi mbele ya madhabahu yamepangwa kama duka la maua, dada akategemea kuna mnada, akajiandaa kabisa kunadi jogoo kwa Kijerumani, akaambiwa hapa hatunadi, vinapelekwa kwa wahitaji. Alisikitika sana, mnada ndo kipaji chake.

Haya siyo mapya, na hapo ndo huwa nashangaa kanisa langu maana sisi ndo tungetakiwa tujue kuliko wote. Habari ya Injili pwani hii inasimuliwa kwa majina ya wanaume. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, kila mtoto wa shule ya Jumapili anaambiwa, lakini Krapf hakuja peke yake, alikuja na mkewe Rosina, na miezi haikupita mingi Julai ya mwaka huo huo homa ikamchukua Rosina pamoja na mtoto mchanga, kaburi liko upande wa Nyali mpaka leo. Hapa Dar mmisionari Greiner alipokuja 1887 alikuja na mke wake na binti wa ndugu yao. Nenda kawaulize washirika wa kanisa la Azania Front wangapi wanajua jina la mke wa Greiner. Wanawake wale walipokea wagonjwa, walifundisha watoto, walipika na kufua kwenye joto hili bila feni, na kwenye vitabu wakaandikwa "mkewe". Sasa sisi tumepata nafasi ya kutuma, tumekua, mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana hapa hapa Dar wakamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wao, KKKT leo ina waumini zaidi ya milioni saba, na bado tunatuma kwa mtindo ule ule, tofauti ni kwamba safari hii asiyeandikwa amevaa suruali.

Msomaji aliuliza pia kwanini tutume wakati huku watumishi hawatoshi. Swali zuri, waulizwe maaskofu, mimi sina majibu ya upangaji wa wachungaji. Ninachojua ni kwamba Wajerumani walitutumia wakiwa na uhaba wao pia.

Ninachoomba kwa dayosisi zote zinazotuma ni kidogo tu. Mchungaji mwenye mume au mke akitumwa, barua ya kutumwa iwe na majina mawili. Siku ya kuwaaga kanisani wote wawili wapige magoti wawekewe mikono, siyo mmoja anawekewa mikono na mwingine anashika mkoba wake, niliona kwa macho yangu na picha ninayo. Kozi ya lugha ilipiwe kwa wote kabla ya safari, na isiishie A1 ambayo inakutosha kununua mkate tu. Na huyo anayeacha ajira yake michango yake ya pensheni iendelee kulipwa na waliomtuma, maana shemeji akirudi atakuta miaka yake hiyo mfuko haujaandika kitu, na uzeeni hakuna atakayemuuliza kama alikuwa anawafundisha Wajerumani hesabu kwa ajili ya Yesu. Ripoti ziulize kazi za wote wawili, fomu yenyewe iwe na sehemu hiyo.

Mtu atasema hela hamna. Basi itangazwe, pale kwenye matangazo ambayo huwa marefu kuliko mahubiri, katikati ya tangazo la vikoba na la ndoa inayotangazwa mara ya tatu. Watu wa Dar tunanunua kadi ya harusi ya dabo laki moja kwa bwana harusi tusiyemjua hata jina la kati, tutashindwaje kumchangia mtu mmoja kozi na pensheni?

Nasikia kuna wengine wanaandaliwa kuondoka mwakani, mke ni nesi na wana watoto wadogo. Nesi kule cheti chake kinakaguliwa upya na anadaiwa Kijerumani kama B2 kabla hajaruhusiwa kufanya kazi ya unesi, na hiyo siyo ya kusoma miezi miwili. Kwahiyo wakuu wa jimbo husika, muda ni sahivi kabla viza haijaombwa, lifungueni hilo faili mwangalie jina lake limeandikwa au limeandikwa "na mwenza".

Wako,
Msomaji wa Segerea, Dar es Salaam